Pawa saplai kwanza, kadi baadaye: mwongozo kwa wenye kompyuta kuukuu za gemu

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa nchini kwa bei nafuu zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na nyingine za aina hiyo. Hufika Nairobi, husafishwa na kupimwa, kisha husafirishwa kwa basi hadi Migori, Awendo, Oyugis na Homa Bay, ambako vijana huzinunua kwa masomo, kwa kazi ya saiba au kwa kibanda cha gemu. Ni mashine imara, lakini ziliundwa kuandika barua na kupiga hesabu. Kuonyesha uwanja wa mpira wenye wachezaji 22 na maelfu ya mashabiki ni kazi nyingine kabisa. Kwa kazi hiyo zinahitaji kadi ya grafiki, na hapo ndipo akiba ya wengi hupotea.

Hupotea kwa sababu kadi hununuliwa kwanza, na swali la umeme huulizwa baadaye. Chukulia kijana wa Rongo mwenye OptiPlex 9020 ya umbo la mnara. Anasikia sifa za kadi ya GTX 1060, anatuma pesa Nairobi, na kadi inafika asubuhi kwa mzigo wa basi. Anapofungua kompyuta anagundua kwamba kadi hiyo inadai plagi ya umeme yenye pini 6, na pawa saplai yake ya wati 290 haina plagi hiyo. Kuirudisha kadi ni nauli nyingine, na muuzaji huenda asiikubali tena. Hapo ndipo mtu humshauri atumie waya wa kuunganisha kutoka plagi ya diski, na hatari huanzia hapo.

Nguvu ya kadi hutoka wapi

Nafasi ndefu ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu, si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huletewa umeme kwa waya kutoka pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. GTX 1060 hutumia wati 120, kwa hiyo haiwezi kufanya kazi bila waya. RX 580 hufikia wati 185.

Plagi ya diski ya SATA imewekewa kikomo cha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Waya wa kuunganisha unaoiomba plagi hiyo wati 75 unaibebesha mzigo isioumudu. Huenda kompyuta ikawaka na gemu likachezeka wiki kadhaa, huku plastiki ya plagi ikilainika polepole. Katika kibanda cha mabati chenye waya nyingi na watoto waliosongamana, moto wa plagi moja si jambo la kufanyia majaribio.

Kusoma lebo

Kila pawa saplai ina lebo ubavuni. Namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi isimvutie mnunuzi. Inayohesabika ni ile ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hula kutoka hapo. Ampea za volti 12 zikizidishwa kwa 12, wati za kweli hujulikana.

Kuna pawa saplai za bei ya chini zinazotangazwa kuwa za wati 500, lakini lebo inaonyesha ampea 18 tu kwenye volti 12. Mara 12, hiyo ni wati 216. Sasa kijana wa Rongo apige hesabu yake: prosesa ya Core i5-4590 ni wati 84, kadi ya GTX 1060 ni 120, na mazabodi, diski na feni tuseme 40. Jumla ni 244. Hiyo "500" imeshindwa kabla gemu halijaanza. Mashine itazima ghafla mchezo unapopamba moto, na fundi asiye makini atailaumu kadi.

Uzito pia husema kitu. Pawa saplai nyepesi kama boksi tupu mara nyingi imepunguziwa shaba na vipoza joto. Alama ya 80 Plus huonyesha kwamba modeli hiyo ilipimwa ufanisi wake, ingawa alama nayo huweza kubandikwa kwa udanganyifu.

Jambo jingine ambalo ni la hapa kwetu: pawa saplai nyingine za bei nafuu zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo swichi lazima iwe upande wa 230. Ikiachwa kwenye 115, pawa saplai hulipuka kwa kishindo mara tu inapochomekwa. Fundi mzuri huangalia swichi hiyo kabla hajagusa plagi ya ukutani.

Si kila kisanduku hupokea kila kitu

Kabla ya kuagiza pawa saplai mpya, mfuniko ufunguliwe. OptiPlex 7010 hutumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Ndugu zake waliofuata, 3020, 7020 na 9020, hutumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 ya HP ina ya pini 6. Hizo huhitaji waya maalumu wa kubadilisha plagi. Waya huo upatikane kwanza, ndipo pawa saplai inunuliwe.

Visanduku vyembamba vina shida zaidi. Pawa saplai yake ni ya umbo la pekee, ya kawaida haiingii, na kadi lazima iwe fupi kwa kimo. Watengenezaji wengine huweka kikomo cha chini ya wati 75 kwenye nafasi ya kadi. Mwenye kisanduku chembamba atosheke na kadi ndogo kama GT 1030 ya wati 30, na ahakikishe ni ile yenye kumbukumbu ya GDDR5. Iliyo na DDR4 ina jina lile lile lakini ni ya polepole zaidi. Kwa gemu, kisanduku cha mnara ni bora, hata kikiwa na sura mbaya.

Kadi ipi, basi? Kwa mwenye mnara asiyetaka kubadilisha pawa saplai, GTX 1650 ya wati 75 isiyo na plagi ya ziada ndiyo njia rahisi. Prosesa 84, kadi 75 na vingine 40 ni jumla ya wati 199, na pawa saplai ya asili ya wati 290 ikiwa nzima inatosha. Ila baadhi ya kadi za GTX 1650 zina plagi ya pini 6, kwa hiyo picha ya ubavu wa kadi iombwe kabla ya pesa kutumwa. GTX 1050 Ti nayo hutumia wati 75, lakini ni ya 2016, na NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kizazi chake hakitapata tena draiva mpya za gemu, bali marekebisho ya usalama tu kwa muda.

Kadi haifanyi miujiza, lakini. EA Sports FC 24 hutaja GTX 1050 Ti, prosesa ya Core i5-6600K na RAM ya GB 8 kuwa kima cha chini. Kompyuta ya ofisi ya mwaka 2012 iko chini ya hapo kwa prosesa, na hakuna kadi itakayoficha hilo. Mwenye RAM ya GB 4 aanze kwa kuongeza RAM.

Kadi bandia zipo pia. Kadi za zamani hubadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi za aina hiyo na kuzionyesha wazi kuwa bandia. Muuzaji anayekataa kadi ipimwe mbele ya mnunuzi amekwisha kujibu swali.

Kufunga na kulinda

Kompyuta izimwe, ichomolewe, na kitufe cha kuwasha kibonyezwe sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Mkono uguse chuma cha kisanduku kabla ya kushika kadi. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe hata kidogo: kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa kuua baada ya kuchomolewa.

Vumbi la barabara za murram hujaza feni, na karibu na ziwa, Mbita na Homa Bay, wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku na kuishia humo humo. Kupuliza feni kila mwezi ni kazi ya dakika kumi.

Wakati wa mvua, ngurumo za alasiri zikianza, kompyuta ichomolewe ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, wala kifaa cha kulinda umeme hakizuii radi ya karibu. Kifaa hicho kina kazi nyingine, ya kukata umeme unapopanda au kushuka mno, na kwa kazi hiyo kinafaa. Kwa wanaotumia sola, kama visiwani Rusinga na Mfangano, hesabu ile ile ya wati ifanywe kwa inveta pia, na skrini isisahauliwe.

Pawa saplai iliyokufa isichomwe ili kutoa shaba. Moshi wake ni sumu, na Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mtu kutupa taka ipasavyo. Fundi wengi huzichukua kwa ajili ya feni na waya, na mabaki hupokelewa na vituo vya taka za kielektroniki kama WEEE Centre, Nairobi.