Ukiogopa Sindano na Majibu ya Vipimo Wakati wa Matibabu ya Saratani

Matibabu ya saratani yana sindano nyingi. Kabla ya kila mzunguko wa kemo unatolewa damu ili ionekane kama chembe nyeupe, chembe nyekundu na chembe sahani zinatosha kuhimili dozi inayofuata. Siku ya dawa unawekewa kanula. Siku ya CT scan unawekewa nyingine. Halafu, picha ikishapigwa, inakuja hofu ya aina nyingine kabisa: kusubiri majibu.

Mimi nimetibiwa saratani ya titi jijini Dar es Salaam. Nilifanyiwa upasuaji, kisha nikapata kemo na mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, na sasa nahudhuria kliniki ya ufuatiliaji. Sindano nimeziogopa tangu utotoni. Hofu ya majibu imekuja na ugonjwa. Zote mbili bado ninazo, lakini hazijanifanya nikose miadi hata mara moja, na hilo ndilo lengo la kila ninachoandika hapa. Kuambiwa "jikaze" hakujawahi kunisaidia. Kilichonisaidia ni kuisema hofu mapema kwa mtu anayeweza kufanya jambo, na kuupa mwili kazi ya kufanya wakati wa tukio lenyewe.

Sema kabla sindano haijafunguliwa

Wagonjwa wengi hukaa kwenye kiti cha maabara wakiwa kimya, wakitumaini litapita haraka. Muuguzi hawezi kusaidia hofu asiyoijua. Andaa sentensi moja fupi na uiseme mara tu unapofika: "Sista, naogopa sana sindano, na huwa nahisi kuzimia. Naomba nilale." Ukisema hivyo unaweza kulazwa kitandani badala ya kukalishwa, na pengine akaitwa mtu mwenye mkono mzoefu.

Ongeza mambo mawili. La kwanza, taja mkono usiotaka uguswe na sababu yake. Mimi nilitolewa tezi za kwapani upande mmoja, na daktari wangu alishauri mkono huo usichomwe wala usipimwe presha, kwa hiyo mkono mmoja ndio unaobeba kila kitu. La pili, kubalianeni tangu mwanzo kwamba mshipa usipopatikana baada ya kujaribu mara 2, aitwe muuguzi mwingine. Ni ombi la kawaida hospitalini, na muuguzi mzuri halichukulii kama dharau.

Amua pia kama unataka kuhesabiwa "moja, mbili, tatu" au unataka usiambiwe kitu. Mimi hutaka kuhesabiwa, na hutazama upande mwingine.

Ijue aina ya hofu yako

Kuna hofu inayofanya moyo uende mbio, mikono itetemeke na pumzi ziwe fupi. Na kuna ile inayomwangusha mtu. Katika hii ya pili, presha na mapigo ya moyo hupanda kidogo, kisha hushuka ghafla, damu inayofika kwenye ubongo ikapungua, macho yakaingia giza. Kuzimia huko si udhaifu wa tabia. Ni mwitikio wa mishipa ya fahamu, na unaweza kuzuiwa.

Kwa aina ya kwanza, pumzi za polepole hufaa. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka 6. Kinachotuliza mwili ni ule utoaji mrefu, kwa hiyo usivute pumzi kubwa kubwa mfululizo, maana hilo huleta kizunguzungu.

Kwa aina ya pili, kujilegeza peke yake hakutoshi, kwa sababu presha tayari inashuka. Hapo kinachotakiwa ni kukaza misuli, mbinu iliyoendelezwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, katika miaka ya 1980. Kaa au lala. Kaza mapaja, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto usoni. Acha, urudi katika hali ya kawaida kwa sekunde 20 hadi 30. Rudia mara 5. Mkono unaochomwa uache umelegea kabisa. Fanya mazoezi nyumbani siku kadhaa kabla, ili siku ya maabara mwili uwe umeshazoea. Kama una presha ya kupanda, kidonda kibichi cha upasuaji au mkono uliovimba, muulize daktari kwanza.

Uandae mshipa

Sindano moja inayoingia mara ya kwanza ni afadhali kuliko tatu za kutafuta. Mshipa wa mtu aliyekunywa maji ya kutosha hujaa na kuonekana. Anza kunywa tangu jana yake. Hata ukiambiwa usile kabla ya kipimo, uliza kama maji yanaruhusiwa, kwa kuwa mara nyingi yanaruhusiwa.

Baridi hubana mishipa. Vyumba vingi vya tiba vina kiyoyozi kikali, na mgonjwa aliyekaa humo muda mrefu huchomwa akiwa na mikono ya barafu. Mimi hubeba khanga nzito ya kufunika mkono, nikauning'iniza chini ya kiti huku nikifumba na kufumbua ngumi. Nikipata maji ya uvuguvugu, huuosha mkono dakika chache kabla ya kuitwa.

Ipo pia krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini, ambayo hupakwa juu ya ngozi na kufunikwa. Inahitaji takriban saa 1 ili ifanye kazi, kwa hiyo ukipaka ukiwa mlangoni mwa maabara haitakusaidia. Muulize daktari au mfamasia kama inakufaa, na muuguzi akuonyeshe mapema mahali pa kupaka.

Kama una mizunguko mingi mbele yako na mishipa imeanza kukataa, uliza kuhusu poti. Hiki ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa upasuaji mdogo, kikiwa na mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Bado utachomwa juu yake, lakini hakuna tena kutafutatafuta mshipa mkononi. Si kila hospitali inaweka, na gharama zake zinatofautiana, ila ni swali unalostahili kujibiwa.

Kutazama pembeni kusikufanye unyamaze

Hapa nasisitiza, kwa sababu sisi tunaoogopa sindano tuna tabia ya kufumba macho na kuvumilia lolote ilimradi tusichomwe tena. Baadhi ya dawa za kemo, kwa mfano doksorubisini, ile nyekundu inayojulikana na wengi, huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa. Ukihisi kuchomachoma, maumivu, kubana au uvimbe pale kanula ilipo wakati dawa inaingia, mwite muuguzi papo hapo. Usingoje dripu iishe. Kuwekewa kanula nyingine ni jambo dogo mno ukilinganisha na kidonda cha dawa iliyovuja.

Siku ya picha: jua kitakachotokea

Nusu ya hofu yangu ya vipimo ilikuwa ni kutojua. Kwa hiyo nieleze ninavyovijua.

CT scan ina mashine yenye umbo la pete pana na wazi pande zote mbili, na picha zenyewe huchukua dakika chache. Ukichomwa dawa ya kung'arisha picha, utahisi joto likikimbia mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na hisia kama mkojo umekutoka. Haujatoka. Hali hiyo hupita upesi. Lakini ukiwashwa, ukibanwa kifua au ukishindwa kupumua vizuri, sema mara moja. Kabla ya siku hiyo, waeleze kama una mzio, ugonjwa wa figo, au unatumia metformini kwa ajili ya kisukari.

MRI ndiyo inayotisha wengi, kwa kuwa unaingizwa ndani ya tundu refu na mashine inagonga kwa kelele. Inaweza kuchukua kati ya dakika 20 na saa 1. Utapewa vizibo vya masikio au vifaa vya kufunika masikio, pamoja na mpira wa kuminya ukitaka kutolewa. Fumba macho kabla kitanda hakijaanza kuingia, na omba kitambaa cha kufunika macho. Mimi hutumia muda huo kusali tasbihi nzima kwa vidole, bila rozari, maana chuma hakiruhusiwi mle.

Katika PET scan unachomwa aina ya sukari yenye mnururisho kidogo, baada ya kukaa bila kula kwa saa kadhaa, kisha unatulia kimya kwa takriban saa 1 kabla ya kupigwa picha. Katika picha ya mifupa unachomwa, halafu unasubiri saa 2 hadi 4. Kusubiri huko ni kwa sababu dawa inasambaa. Hakuna aliyeona kitu akanyamaza.

Vilevile, usisome uso wa mpiga picha. Akiwa kimya, akirudia picha, au akimwita mwenzake, sababu inaweza kuwa ulipumua au ulitikisika. Kazi yake ni kupiga picha. Anayeisoma ni daktari wa radiolojia, na anayekupa maana yake ni daktari wako wa saratani, akilinganisha na picha za zamani na hali yako.

Bahasha

Kwetu mara nyingi mgonjwa hukabidhiwa bahasha ya majibu aipeleke mwenyewe kliniki, na kliniki inaweza kuwa wiki ijayo. Amua kabla ya kuipokea kama utaifungua. Mimi siifungui. Ripoti imeandikwa kwa lugha ya madaktari, na ndani yake hutajwa kila kitu kilichoonekana, pamoja na makovu ya kale na vivimbe vidogo visivyo na madhara. Ukiisoma usiku peke yako, na simu ikiwa mkononi ya kutafutia maneno, utajihukumu kabla daktari hajasema neno. Bahasha yangu hukaa nayo dada yangu mpaka siku ya kliniki.

Kama wewe ni mtu asiyeweza kulala bila kujua, basi fungua, ila ukiwa na mtu, mchana, na ukiwa na njia ya kuwahisha miadi. Muhimu zaidi, siku ya picha uliza maswali haya: majibu yatatoka lini, nani atanipa, na yakichelewa nimfuate nani? Tarehe inayojulikana, hata ikiwa mbali, huvumilika kuliko "utapigiwa."

Siku za kusubiri zipangie kazi. Mimi hujitengea nusu saa jioni ya kuandika hofu zangu na maswali ya daktari kwenye daftari. Mawazo yakinijia asubuhi, huyaambia yangoje jioni. Daftari hilo ndilo naingia nalo kliniki, kwa hiyo hata hofu inapata faida.

Familia

Ndugu wanapenda, na upendo huo huja kwa simu: "Majibu vipi?" Simu kumi za namna hiyo kwa siku humchosha mgonjwa. Teua msemaji mmoja, na kwenye kundi la WhatsApp tangaza kwamba habari zote zitatoka kwake. Siku ya sindano na siku ya majibu nenda na mtu anayeweza kukaa kimya. Usimchukue anayelia kukuzidi, wala anayekuja na habari za fulani aliyefariki.

Hofu ikizidi

Kama umeanza kutapika kwa harufu tu ya spiriti kabla hata ya dawa, kama hujalala kwa wiki kadhaa, au kama umewahi kugeuka nyumbani ukiwa getini, mwambie daktari wako waziwazi. Zipo dawa za kutuliza ambazo anaweza kukuandikia kwa siku ya kipimo, na ukizitumia lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Usijinunulie dukani. Omba pia kuonana na mwanasaikolojia, afisa ustawi wa jamii, au timu ya tiba shufaa. Wengi hulikimbia neno hilo wakidhani ni la watu wanaokufa. Tiba shufaa ni ya kupunguza mateso ya mwili na ya moyo katika hatua yoyote ya ugonjwa, na hofu ni mateso.

Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa na miadi wiki hii: usiiache. Dozi iliyorukwa na kipimo kilichoahirishwa vinaupa ugonjwa nafasi, na hofu utaikuta palepale ulipoiacha. Nenda ukiwa unaogopa. Ukifika, sema unaogopa.