Jina Katika Daftari la Meli

Watu wengi wa Marekani ni wajukuu wa wageni. Wazee wao waliondoka Ulaya kwa sababu ya njaa, au ufukara, au kuonewa kwa ajili ya dini, wakavuka bahari kwa meli. Kwa hiyo wajukuu hupenda kuuliza: Je, wazee wetu walikuja kwa meli gani, na mwaka gani? Jibu lipo, lakini halipatikani kwa kubahatisha.

Katika bandari ya New York kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ellis Island. Tangu mwaka 1892 hata 1954, wageni kama milioni 12 walipokewa hapo. Kila meli ilileta daftari la abiria wake. Daftari hilo halikuandikwa kisiwani. Liliandikwa na makarani wa meli kabla ya kufika. Ndani yake mlikuwa na jina la abiria, umri wake, kazi yake, atokako na aendako. Tangu mwaka 1893 sheria ilitaka habari zaidi, kama vile fedha aliyo nayo, na kama anakwenda kwa jamaa yake. Ofisa wa kisiwani alilishika daftari lilo hilo, akamwuliza mgeni maswali, apate kuona kama majibu yake yanapatana na maandiko.

Mgeni wa kwanza kupokewa hapo alikuwa msichana wa Ireland, jina lake Annie Moore. Tarehe 20 Desemba 1891 alipanda meli iitwayo Nevada katika bandari ya Queenstown, ambayo siku hizi huitwa Cobh. Alifuatana na ndugu zake wawili wa kiume, Anthony na Philip. Wazazi wao walikuwa wametangulia New York. Tarehe 1 Januari 1892 alishuka kisiwani, akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Baada ya hayo habari zake zikapotea. Ikawa katika jimbo la Texas palikuwa na jamaa ambao bibi yao aliitwa Annie Moore. Wakasadiki kwamba ndiye yule wa Nevada, na watu wengine wakasadiki pia kwa miaka mingi. Jina ni lile lile. Nani angeona shaka?

Lakini mwanamke mmoja mwenye ujuzi wa kutafuta habari za jamaa, Megan Smolenyak, alizichungua hati za yule wa Texas. Akaona kwamba alizaliwa Illinois, ndani ya Marekani yenyewe. Basi hakuwa mgeni, wala hakupanda Nevada. Mwaka 2006 aliahidi zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemtambua Annie wa kweli. Hazikupita siku nyingi, ikapatikana hati ya uraia ya Philip, yule ndugu aliyesafiri naye. Na kwa njia ya ndugu akaonekana dada. Kumbe Annie alikaa New York tangu alipofika, akaolewa, akazaa watoto, akafa mwaka 1924. Kaburi lake halikuwa na jiwe la jina lake hata mwaka 2008, lilipowekwa.

Angalieni, basi, madhara ya kosa dogo. Jamaa mmoja walipewa heshima isiyo yao, na habari za Annie wa kweli zikapotea.

Atafutaye wazee wake na aanze nyumbani, kwa kuwauliza walio hai: mzee alitoka kijiji gani, alikuja mwaka gani, alisafiri na nani. Kisha azitazame hati za uraia na za ndoa. Mwisho alifungue daftari la meli, wala asiridhike na jina peke yake, bali alinganishe umri, kijiji na wenziwe safarini. Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Lakini ashikaye asili ya mwingine naye amepotea.

Maswali
1. Daftari la meli liliandikwa na nani, na lini?
2. Ni jambo gani lililoonyesha kwamba Annie wa Texas hakuwa yule wa Nevada?
3. Kwa nini jina peke yake halitoshi?
4. Mwulize mzee wa kwenu jamaa zenu walitoka wapi. Andika majibu yake.