Somo: Tupime Kitabu Kabla ya Kukiamini



Hapa mpakani, Busia na Malaba, hakuna anayepokea noti kubwa bila kuitazama. Tunaipapasa, tunaimulika, ndipo tunaitia mfukoni. Lakini kitabu tunakipokea hivi hivi tu, eti kwa sababu kimechapishwa.

Siku hizi vijana wetu wanajifunza kuandika programu za kompyuta, na vikundi vingine vinawaomba watunge programu ya kuhesabu akiba na mikopo. Vitabu vyao mara nyingi ni vya mitumba au vya msaada. Kitabu kikiwapotosha, pesa za wanachama ndizo zitakazopotea.

MFANO WA MKOPO

Wanaoanza wengi hutumia lugha ya kompyuta iitwayo Python. Toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2008. Toleo la 2 liliacha kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, lakini bado limo katika vitabu vingi na kompyuta kuukuu. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 5,000 kwa riba ya asilimia 10. Kijana anaandika:

print(10 / 100 * 5000)

Toleo la 3 linajibu 500.0. Toleo la 2 linajibu 0! Kwa nini? Toleo la 2 likigawanya namba nzima kwa namba nzima, linatupa kinachobaki. Kwa hivyo 10 kugawanya kwa 100 inakuwa sifuri, na sifuri mara 5,000 ni sifuri. Kompyuta haitoi onyo lolote. Mweka hazina asipohesabu kwa kalamu, riba yote imekwenda.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

1. Kina umri gani? Tazama kurasa za mwanzo: kilichapishwa mwaka gani, na kinafundisha toleo lipi la lugha? Kitabu cha Python 2 utakitambua upesi, kwani huandika print "Habari" bila mabano. Toleo la 3 litaukataa mfano huo.

2. Nani ameandika? Dennis Ritchie, aliyebuni lugha ya C, aliandika kitabu cha lugha hiyo pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978. Huyo alijua anachosema. Hata hivyo, mwaka 1988 walitoa toleo la pili, maana lugha ilikuwa imebadilika. Ukivikuta vyote viwili sokoni, chukua cha 1988. Jina kubwa peke yake halitoshi.

3. Mifano yake inafanya kazi? Chagueni mifano mitatu, muiandike kama ilivyo, kisha mlinganishe majibu na hesabu ya kalamu. Mmoja ukikataa, huenda mmekosea herufi. Yote mitatu ikikataa, msinunue. Penye intaneti, linganisheni pia na maelezo rasmi ya Python, ambayo hutolewa bure.

4. Sisi wenyewe tunakielewa? Hili tulishaliona kwetu. Mwaka 1996 shirika la ICS liligawa vitabu vya kiada katika shule 25 za msingi za Busia na Teso. Watafiti walipopima, kumbe wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu. Basi kitabu chaweza kuwa cha kweli na bado kisimfae msomaji. Kabla ya kununua, mpe kijana asome ukurasa mmoja, kisha awaeleze wenzake kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa, tafuteni kingine.

KAZI YA KIKUNDI

- Kikundi chenu kina kitabu gani cha kompyuta? Ni cha mwaka gani?
- Nani atahakiki hesabu za programu kwa kalamu? Asiwe yule yule aliyeiandika.
- Kwa miezi mitatu ya kwanza, endeleeni na daftari la kawaida pamoja na kompyuta. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, simameni mtafute sababu.

Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike wapime mambo yote na kushika lililo jema. Nasi tufanye hivyo kwa vitabu, maana akiba ya kikundi ni jasho la watu.

Mungu awabariki katika kazi zenu.