Mkia wa Ndege wa Kinangop

Swali hili hutufikia mara kwa mara, kutoka kwa wanafunzi na kwa wazazi wao. Safari hii tumemwachia mwalimu wa baiolojia, ambaye pia ni mtu wa ibada.

Mwalimu, uzuri wa viumbe umeletwa na mageuko peke yake, au mna mkono wa Mungu?

Niruhusu nianze na ndege. Kwenye nyasi za Kinangop, nchini Kenya, yuko ndege mweusi ambaye mwili wake unaenea kiganjani, lakini dume huburuta mkia wa karibu nusu mita. Mtafiti wa Sweden, Malte Andersson, aliwashika madume 36. Wengine aliwakata mikia, na vipande akawagundishia wenzao, mikia ikapita urefu wa kawaida. Kisha akahesabu viota kwenye eneo la kila dume. Waliorefushwa mikia ndio waliopata viota vipya vingi zaidi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1982. Basi mkia ule umerefushwa na macho ya majike, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo jibu ni mageuko?

Kwa mkia, ndiyo. Darwin alilieleza jambo hilo mwaka 1871, baada ya manyoya ya tausi kumsumbua miaka mingi. Maua nayo hujipamba kwa ajili ya nyuki na chozi, si kwa ajili yetu.

Lakini jua linalozama baharini halitafuti mwenzi, wala theluji ya Kibo haingoji nyuki. Na jike wa Kinangop anapoutazama mkia, anachagua dume. Mimi nikiutazama sichagui chochote, wala sipati chochote, na bado miguu hugoma kuondoka. Hapo ndipo swali lako linapoanza hasa.

Huko kugoma ndiko roho?

Alfred Russel Wallace, ambaye nadharia yake ilisomwa pamoja na ya Darwin mwaka 1858, alifika mahali, mwaka 1869, akasema akili ya binadamu ilihitaji nguvu iliyo juu ya maumbile. Darwin alisikitika sana. Mimi namheshimu Wallace, ila njia yake naiogopa: ukimweka Mungu pale tu sayansi ilipoishia, kila utafiti mpya utamsogeza pembeni.

Ninavyoamini, safari yenyewe ya mamilioni ya miaka ni kazi Yake. Hilo halipimwi kwa mkasi na gundi, na sitaki mwanafunzi wangu aliandike kwenye mtihani wa baiolojia. Katika Surat An-Nahl, Qur'ani inataja kwanza faida za mifugo, joto na chakula, halafu inataja peke yake uzuri wa mifugo hiyo ikirudi jioni na ikitoka asubuhi. Uzuri umehesabiwa kuwa neema mbali na manufaa. Aya hiyo hunijia kila ninapomkumbuka ndege yule.

Mtoto akiniuliza, nimwambie nini?

Mweleze habari ya mkia bila kuificha, na imani yako bila kuionea haya. Kisha mpeleke akaone mwenyewe, na msichelewe. Ndege huyu hujenga kiota kwenye nyasi ndefu, na nyasi za Kinangop zinageuzwa mashamba ya viazi na kabichi. Wewe msomaji mwenye shamba huko, tafadhali acha kipande kisichofikiwa na jembe.