Je, Kitarudi? Tuyajue Matokeo ya Upasuaji wa Kizazi Kilichoshuka



Ndugu zangu wanafunzi, mada ya leo inawahusu wanawake, lakini akina kaka msifunge ukurasa. Nyote mna mama, na wengi wenu mtakuwa waume, inshaallah.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari hapa Bujumbura, mama yangu mkubwa wa Buyenzi aliponiita chumbani akafunga mlango. Alikuwa amezaa watoto 8 na kubeba magunia ya sokoni tangu ujana. Kwa miaka mingi kitu kilikuwa kikimtoka ukeni kila aliposimama kwa muda mrefu. Aliacha kwenda tarawehe, akawa anaswali nyumbani kwa kukaa, na hakumwambia mtu. Sasa daktari alikuwa amemshauri apasuliwe. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikipasuliwa, kitarudi?"

Nikamjibu haraka: "Hakirudi, mama. Utapona kabisa."

Sikuwa na haki ya kusema hivyo.

Ni ugonjwa gani?

Chini ya nyonga kuna misuli na kano zinazoshikilia kizazi, kibofu na utumbo wa haja kubwa. Zikilegea, kiungo kimoja au zaidi hushuka na kusukuma ukuta wa uke. Sababu kubwa ni kuzaa, hasa mara nyingi au kwa uchungu mrefu. Umri, unene, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na kubeba mizigo mizito huongeza hatari. Si laana, wala si dalili ya tabia mbaya.

Si kila mgonjwa anahitaji kisu. Hali ikiwa nyepesi, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia. Pia kuna pete laini inayowekwa ndani ya uke kushikilia viungo, na huweza kutolewa, kuoshwa na kurudishwa.

Upasuaji unaleta nini?

Wanawake wengi hupata nafuu ya kweli: uzito unapungua, wanatembea, wanakaa na kusujudu bila taabu. Lakini nafuu si dhamana ya maisha.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia kwa miaka 5 wanawake waliofungwa sehemu ya juu ya uke kwa nyuzi, kwa njia mbili tofauti. Watafiti walihesabu kuwa upasuaji umeshindwa kama kiungo kilishuka tena kupita kiasi fulani, au dalili zilirudi kusumbua, au mama alitibiwa upya. Kwa kipimo hicho, upasuaji ulishindwa kwa takriban 6 kati ya 10 katika kundi moja, na 7 kati ya 10 katika kundi la pili. Inatisha, sivyo? Lakini waliotibiwa upya walikuwa kama mmoja tu kati ya 10, na kwa jumla wanawake walibaki na dalili chache kuliko kabla ya upasuaji. Kipimo cha daktari na maisha ya mama ni vitu viwili, tuviulizie vyote.

Je, wavu wa plastiki unaowekwa kupitia ukeni? Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili haukuwapa wanawake nafuu zaidi, na zaidi ya mmoja kati ya 10 walipata madhara ya wavu wenyewe. Mwaka 2019 Marekani ikaamuru uuzaji wa wavu wa aina hiyo kwa ugonjwa huu usimamishwe.

Jambo jingine: baada ya upasuaji baadhi ya wanawake huanza kuvuja mkojo wakikohoa, kwa sababu kiungo kilichoshuka kilikuwa kimeubana mrija. Hili lisimwondoe mtu kwenye swala. Mwenye udhuru wa kuvuja mfululizo hujisafisha, huweka kitambaa, hutawadha baada ya wakati kuingia, kisha huswali. Dini yetu ni nyepesi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

1. Ni kiungo gani kimeshuka, na kwa kiasi gani?
2. Je, pete au mazoezi yanaweza kunitosha?
3. Kizazi kitatolewa au kitabaki? Je, nataka kuzaa tena?
4. Kuna uwezekano gani wa kurudi au wa kuvuja mkojo?
5. Nipumzike muda gani bila kubeba mizigo na bila tendo la ndoa?

Swali la mwisho limhusu na mume. Mke akirudi kutoka hospitali na kukuta ndoo 5 za maji zinamsubiri, nyuzi zimefanya kazi bure.

Mama mkubwa alipasuliwa, akafurahi. Baada ya miaka miwili kibofu kikaanza kushuka. Hakulia kwa sababu ya kibofu. Aliniambia: "Ungeniambia kinaweza kurudi, ningekubali vilevile. Ila nisingerudia magunia."

Neno hilo sijalisahau. Elimu ni amana, na kumficha mgonjwa nusu ya ukweli ili afurahi ni kuipunja amana hiyo. Leo anatumia pete, ameacha magunia, na Ramadhani iliyopita aliswali tarawehe amesimama.

Dada, kaka, ukirudi nyumbani likizo hii, muulize mama yako kwa upole kama kuna maumivu anayoyaficha. Na akikuuliza usichokijua, sema hujui, kisha mpelekeni kwa anayejua.

Allah awaponye mama zetu. Amin.