KUKU MWENYE JINA

Watu wengi humhesabu kuku kwa mambo mawili tu, mayai yake na nyama yake. Walakini apitaye asubuhi katika mitaa ya Eldoret, kama vile Langas, Huruma au Kimumu, huona ya kuwa liko na jambo la tatu. Humwona mtoto akimwita kuku kwa jina, na kuku akaja mbio. Humwona mzee ameketi mlangoni pake akimkemea jogoo kama amkemeavyo kijana mtukutu, wala jogoo hajali. Mji huu ulipata ofisi ya posta mwaka 1910 na jina la Eldoret mwaka 1912, ukafanywa jiji mwezi wa Agosti, 2024. Kuku hawakupashwa habari hiyo, nao wangali wakivuka barabara kama wenye nchi.

Wako wasemao kwamba kumpa kuku jina ni upuuzi. Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba mapenzi ya namna hiyo, yakiongozwa na akili, humfaa kuku na humfaa mwenye kuku pia.

MAPENZI YA TANGU ZAMANI

Asili ya kuku wetu ni kuku mwekundu wa mwituni wa kusini-mashariki ya Asia. Mwaka 2022 wataalamu waliochunguza mifupa ya kale walitangaza ya kuwa ndege hao walianza kukaa na watu kiasi cha miaka 3,500 iliyopita, walipovutwa na mashamba ya mpunga na nafaka nyingine. Tena walieleza jambo la ajabu. Kuku walipofika Ulaya mara ya kwanza, kwa karne kadhaa hawakuhesabiwa kuwa kitoweo. Mifupa yao imeonekana imezikwa mizima, pasipo alama ya kisu, na wengine walizikwa pamoja na watu. Basi mtoto wa Langas ampendaye kuku wake hakuanzisha jambo geni.

TABIA ZAKE

Amtazamaye kuku kwa makini hakosi cha kumchekesha. Raia mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwachungua kuku tangu utoto wake, na mwaka 1921 alieleza ya kuwa kila kundi lina daraja zake. Kuku wa daraja la juu huwadonoa wote. Wa pili huwadonoa wote isipokuwa yule wa juu. Na hivyo hivyo mpaka kufika kwa mnyonge wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mtu wala hana wa kumdonoa. Ukubwa wa mwili peke yake hauamui neno. Si ajabu kumwona tembe mnono amejificha nyuma ya debe kwa kumwogopa koo mkongwe aliyekonda.

Jogoo naye ana mambo yake. Apatapo punje ya mahindi huiokota, huidondosha, kisha huwaita majike kwa sauti ya upole, kama mwenyeji akaribishaye wageni mezani. Lakini wataalamu wamegundua ya kuwa mara nyingine huwaita hali hana kitu cha kuliwa. Ataka tu wasogee karibu. Kuhusu kuwika kwake, wataalamu wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake, naye huwika kabla ya mapambazuko hata akiwekwa mahali asipoliona jua. Mwaka 2015 walionyesha tena ya kuwa jogoo mwenye cheo ndiye aanzaye, na wadogo humngojea. Wakimbiaji wa Eldoret, ambao hutoka mazoezini alfajiri, huenda wakamshukuru. Jirani aliyerudi kutoka zamu ya usiku ana maoni mengine.

Nyakati za mavuno ya mahindi, mwisho wa mwaka, nafaka huanikwa juani juu ya maturubai, na mtoto hupewa fimbo ailinde. Hapo ndipo kuku huonyesha werevu wake. Mmoja hujitokeza upande huu, mtoto humfukuza. Na wenzake huingia upande wa pili. Kwa sababu ya vitendo hivyo kuku hupewa majina. Mweupe ataitwa Bibi Harusi. Jogoo atembeaye kifua mbele ataitwa Chifu. Na yule anyemeleaye jikoni pasipo sauti ataitwa Askari Kanzu.

FAIDA YA KUMJUA KUKU

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Adui mkubwa wa kuku wa vijijini na mijini ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, nao waweza kumaliza kundi zima kwa siku chache. Dalili zake ni kuku kuzubaa, kukataa chakula, kuhema kwa shida, kuharisha kinyesi cha kijani, na pengine kupindika shingo.

Mtu awahesabuye kuku jioni tu huiona hasara baada ya kutokea. Lakini anayewajua mmoja mmoja huona mapema. Askari Kanzu hakuja jikoni leo. Amesimama pembeni, mabawa yameshuka. Mwenye nyumba amtengaye kuku huyo saa ile ile na kumwarifu afisa wa mifugo, amewapa wengine nafasi ya kuokoka. Kicheko cha jana ndicho kilichomfundisha kutazama.

Walakini kutazama peke yake hakutoshi. Kinga ya kideri ni chanjo, nayo hutolewa kuku wakiwa wazima. Iko ambayo hutiwa tone moja jichoni, na hapana budi irudiwe kila baada ya miezi michache, kama afisa wa mifugo atakavyoagiza. Ni vyema majirani wachanje siku moja, maana kuku hawajui mipaka ya ua. Tena wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aliyenunuliwa sokoni atengwe muda wa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, ili kama ana maradhi yajulikane.

MIPAKA YA MAPENZI

Kwanza, kuku aonekanaye mzima aweza kuchukua vijidudu vya Salmonella, viletavyo homa na kuharisha, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mtoto asimbusu kuku wala asilale naye, na kila amshikapo anawe mikono kwa sabuni.

Pili, Eldoret iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 2,100, na usiku wake ni wa baridi. Vifaranga wapewe kibanda kikavu kisichopigwa na upepo, lakini chenye matundu ya kupitisha hewa. Mtu asiwaingize chumbani mwa kulala pamoja na jiko la makaa, kwa maana moshi usioonekana wa makaa huua kuku na watu pia.

Tatu, mahindi yaliyoota ukungu si zawadi kwa kuku. Ukungu huo una sumu, nayo hudhuru ini lake na kumdhoofisha.

MGENI AJAPO

Limebaki jambo moja zito. Katika nyumba nyingi mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na desturi hiyo ni njema. Lakini itakuwaje ikiwa kuku aliye karibu na kisu ni Chifu, ambaye mtoto alimlea tangu alipoanguliwa? Wazazi wengine humchinja wakati mtoto yuko shuleni, kisha humwambia ya kuwa jogoo amekwenda safari. Huo si uungwana. Mtoto ataijua kweli siku moja, pengine kwa kuyaona manyoya nyuma ya jiko.

Yafaa jambo hili likatwe mapema, siku ile jina linapotolewa. Kama kuku ni wa mtoto, na aachwe azeeke. Mgeni atafutiwe mwingine. Kama ni wa nyumba nzima, mtoto aambiwe wazi ya kuwa jina halizuii kisu, na kwamba watampenda na kumtunza vema siku zote atakazoishi. Mtoto aliyeambiwa kweli huenda akalia jioni ile. Lakini kesho yake atarudi bandani kuwapa maji waliobaki. Aliyedanganywa atakaa mlangoni akimngojea msafiri asiyerudi, na tangu hapo atapunguza kuwasadiki wazazi wake.