Roboti Zinazoigana na Somo kwa Mkulima wa Korosho

Msimu wa kupulizia salfa ukifika Nachingwea na Ruangwa, anayeanza kilimo cha korosho humtazama jirani. Jirani huamka alfajiri, kabla upepo haujaanza kuvuma, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, akapita na mashine mkorosho hadi mkorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia, ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoporomosha korosho za Tanzania kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, walitafuta dawa, mabwana shamba wakaieleza, na majirani wakaigana.

Wapo wanaojaribu kuzifundisha roboti kwa njia hiyohiyo. Katika maabara ya roboti ya Bristol, Uingereza, Alan Winfield na Mehmet Erbas walitumia roboti ndogo ziitwazo e-puck, zenye upana wa sentimita 7 tu, na mwaka 2011 wakachapisha waliyoyaona. Roboti moja hutembea kwa mchoro fulani. Nyingine huitazama kwa kamera yake, hukadiria hatua na kona, kisha hujaribu kurudia. Kamera haioni kila kitu sawasawa, kwa hiyo nakala hupishana kidogo na ya kwanza. Nayo ikiigwa, tofauti nyingine huingia. Hatimaye kundi huwa na mitindo ambayo hakuna mhandisi aliyeipanga, na ile iliyo rahisi kuigwa bila kukosea ndiyo hudumu.

Ingewezekana roboti zirushiane maelekezo yote kwa mawimbi ya redio. Nakala ingekuwa kamili, lakini jipya lisingezaliwa, na kosa la moja lingekuwa la zote papo hapo.

Hapa pana jambo zito kwetu: kinachodumu kwa kuigwa si lazima kiwe bora. Roboti zile ziliiga bila kupima faida. Kundi litajifunza kweli pale tu matokeo yatakapopimwa, na aliyefanikiwa akaigwa zaidi.

Shambani ni hivyohivyo. Jirani anayepulizia bila barakoa wala miwani huigwa pia, na salfa huwasha macho na kifua cha kila aliyemfuata. Kwa hiyo, kabla hujachukua mtindo wa mwenzako, muulize alivuna kiasi gani na mvua ilinyesha lini. Weka alama kwenye mikorosho michache, jaribu mtindo huo kwenye hiyo kwanza, andika tarehe na kipimo, kisha linganisha wakati wa mavuno. Kipimo chenyewe kipate kwa bwana shamba, si kwa kukisia kwa macho.

Na siku mtu akikuletea mashine inayodai kujifunza yenyewe, muulize imejifunzia wapi, kwa mikorosho ya aina gani, na nani alipima mavuno. Kisha yapeleke majibu kwenye mkutano wa chama chenu cha ushirika cha msingi (AMCOS), pamoja na habari za waliojaribu wakashindwa.